Safari ya Kipokezi: Historia ya Namna Seli za Kinga Zinavyounda na Kusafirisha Vipokezi Vyake

Seli ya kinga humtambua adui kwa kumgusa, na kinachogusa ni vipokezi: protini zilizopenya utando wa nje wa seli, upande mmoja ukichungulia nje na upande mwingine ukibaki ndani. Limfosaiti T moja, aina mojawapo ya seli hizo, hubeba vipokezi vya antijeni, yaani vya kitu kigeni kinachotambuliwa na kinga, vinavyokadiriwa kufikia 30,000. Kila kimoja ni mkusanyiko wa minyororo minane ya protini, ambayo huundwa mbali na uso wa seli, hufungamanishwa humo humo ndani, hukaguliwa, kisha husafirishwa hadi kwenye utando. Minyororo inayotengenezwa ni mingi kuliko inayofika. Sehemu kubwa huvunjwavunjwa kabla haijaanza safari, na ukali huo wa seli dhidi ya kazi ya mikono yake mwenyewe ndio kiini cha historia hii. Ilichukua karibu karne nzima kuutambua, kwa sababu ulihitaji fani mbili ambazo kwa muda mrefu hazikusemezana: elimu ya kinga na elimu ya muundo wa seli.

Wazo la kipokezi lililetwa na Paul Ehrlich, daktari wa Kijerumani. Mwaka 1897, akitafuta njia ya kupima nguvu ya dawa ya dondakoo, alieleza kwamba seli ina minyororo ya pembeni iliyojitokeza nje, na kwamba sumu ya bakteria hunasa kwenye mnyororo unaolingana nayo. Seli iliyonaswa hutengeneza minyororo mingine ya aina hiyo kupita kiasi, na ile ya ziada huachiwa kwenye damu ikawa kingamwili. Mwaka 1900 aliifafanua nadharia hiyo kwa michoro mbele ya Royal Society jijini London. Michoro ile ilimletea wafuasi na wapinzani kwa wingi, lakini haikuonyesha kitu kimoja cha msingi: minyororo hiyo hutengenezwa wapi, na hufikaje ukingoni.

Jibu lilikuwa limeanza kuchungulia mahali pengine kabisa. Mwaka 1898, mjini Pavia, Italia, Camillo Golgi alitia rangi ya chumvi ya fedha kwenye seli za neva za bundi, akaona ndani yake mtandao mwembamba uliojikunjakunja. Wanasayansi wengi hawakumwamini. Walidai kwamba mtandao ule ni doa la dawa tu, si sehemu ya seli. Ubishi huo ulidumu zaidi ya nusu karne, hadi hadubini ya elektroni ilipoonyesha katika miaka ya 1950 kwamba Golgi alikuwa sahihi. Ehrlich na Golgi walitangaza mambo yao kwa kupishana mwaka mmoja, wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel, Golgi mwaka 1906 na Ehrlich mwaka 1908, na hakuna aliyehisi kwamba kipokezi cha mmoja kilipaswa kupita katika mtandao wa mwingine.

Nadharia ya Ehrlich yenyewe ilififia baada ya muda. Karl Landsteiner alionyesha kwamba mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya kemikali zilizobuniwa maabara, vitu ambavyo mnyama hajapata kukutana navyo katika maumbile. Ilionekana haiwezekani seli iwe na vipokezi vilivyoandaliwa tayari kwa kila kitu, hata kwa visivyokuwepo. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1930 wengi waliamini kwamba antijeni yenyewe ndiyo kalibu inayoikunja protini ya kingamwili ikapata umbo lake. Mwaliko wa kurudi kwa Ehrlich ulitoka Australia mwaka 1957, pale Frank Macfarlane Burnet alipopendekeza kwamba kila limfosaiti huzaliwa na kipokezi cha aina moja tu, na antijeni huchagua ile inayolingana nayo na kuifanya izaane. Nadharia hiyo ilikuwa na sharti zito: lazima kipokezi kiwe tayari juu ya uso wa seli kabla ya adui kufika. Kuanzia hapo swali la namna kinavyofika huko halikuweza kukwepwa.

Waliolijibu kwanza hawakuwa wakifikiria kinga hata kidogo. Katika Taasisi ya Rockefeller, New York, George Palade na wenzake walikuwa wakichunguza kongosho la simbilisi, kiungo kinachomwaga vimeng'enya vingi vya kusaga chakula na hivyo kufaa sana kwa kufuatilia protini zinazotoka nje ya seli. Pamoja na James Jamieson, Palade alichukua vipande vyembamba vya kongosho, akavipa kwa dakika 3 asidi amino aina ya leusini yenye mnururisho, kisha akaiondoa na kuweka leusini ya kawaida. Protini zilizoundwa katika dakika hizo 3 pekee zikawa na alama, na kila baada ya muda seli ziliangaliwa kuona alama imefika wapi. Mwanzoni ilikuwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa mirija na vifuko vilivyobandikwa kwa nje ribosomu, mitambo midogo inayounda protini. Baadaye kidogo ilikuwa imehamia Golgi. Baada ya saa moja na zaidi ilikuwa imejaa kwenye vifuko vinavyosubiri kumwagwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1967, yalitoa ramani ya njia nzima: ribosomu, retikulamu, Golgi, vifuko, utando. Ni jaribio rahisi kulieleza, na pengine hakuna jingine lililofungua mambo mengi zaidi kuhusu maisha ya ndani ya seli. Palade alipata Nobel mwaka 1974.

Ramani hiyo iliacha fumbo la mlangoni: ribosomu hujuaje kwamba protini inayoiunda ni ya kusafirishwa na si ya kubaki? Hapa ndipo fani mbili zilipogusana kwa mara ya kwanza, tena kwa msaada wa kingamwili. Mwaka 1972, mjini Cambridge, Uingereza, César Milstein na wenzake waligundua kwamba mnyororo mwepesi wa kingamwili unapotengenezwa kwenye mrija wa maabara huwa mrefu kidogo kuliko ule unaotolewa na seli hai. Kipande cha mwanzo kilikuwa kikikatwa njiani. Günter Blobel na David Sabatini, wa Rockefeller, walikuwa wameshakisia mwaka 1971 kwamba protini za kusafirishwa hubeba alama mwanzoni mwake. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein, wakitumia maagizo ya kijenetiki ya mnyororo mwepesi kutoka kwenye uvimbe wa panya, walithibitisha kwamba kipande kile ndicho tiketi: huielekeza ribosomu kwenye retikulamu, mnyororo ukaingizwa ndani wakati bado unaendelea kuundwa, na tiketi ikakatwa. Vipokezi navyo huingia kwa njia hiyo, ila mnyororo wake haupiti wote. Kipande kinachopenda mafuta hukwama katikati ya utando na kubaki humo daima.

Wakati huohuo wataalamu wa kinga walikuwa wameshazigawa limfosaiti mafungu mawili: za T, zinazokomaa katika tezi ya thimasi ambayo Jacques Miller alionyesha umuhimu wake mwaka 1961, na za B, zinazotengeneza kingamwili. Kipokezi cha B kilipatikana mapema. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ilijulikana kwamba ni kingamwili yenyewe iliyonasa kwenye utando, kwa hiyo Ehrlich alikuwa amekaribia sana ukweli. Mwaka 1971 Martin Raff na wenzake, London, walionyesha kwamba kipokezi hicho hakikai palepale: kikiunganishwa na kitu kutoka nje, hukusanyika upande mmoja wa seli na kumezwa ndani. Mwaka 1976 Nobumichi Hozumi na Susumu Tonegawa, wakiwa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba jeni za kingamwili hukatwa na kuunganishwa upya katika kila seli, na hivyo vipande vichache vya urithi vikazaa aina zisizohesabika za vipokezi. Na mwaka 1980 maabara za Marekani ziligundua kwamba jeni ileile ya mnyororo mzito hutoa maagizo ya aina mbili: moja lenye mkia wa kunasa kwenye utando, jingine lisilo nao. Kwa kubadili ncha tu, seli huamua kama protini yake itakuwa kipokezi au kingamwili ya kumwagwa.

Kipokezi cha T kilikuwa kigumu zaidi. Hakimwagwi kwenye damu, kwa hiyo hakikuweza kukusanywa kwa wingi, na kila ukoo wa seli una cha kwake. Kati ya 1982 na 1983 vikundi vitatu nchini Marekani, cha James Allison huko Texas, cha John Kappler na Philippa Marrack huko Denver na cha Ellis Reinherz huko Boston, vilitengeneza kingamwili zilizokinasa na kuonyesha kwamba ni protini ya minyororo miwili, alfa na beta. Jeni zake hazikujulikana bado, na zilimvutia kila mtaalamu wa kinga wa wakati ule.

Mark Davis na Stephen Hedrick, Bethesda, walizipata kwa hoja iliyotoka moja kwa moja kwenye ramani ya Palade na Blobel. Kama kipokezi ni protini ya utando, walifikiri, basi maagizo yake lazima yawe yanasomwa na ribosomu zilizobandikwa kwenye retikulamu, si zile zinazoelea. Katika seli hizo ribosomu zilizobandikwa zilikuwa na takriban asilimia 3 tu ya maagizo yote. Tena, seli ya T na seli ya B hutofautiana kwa takriban asilimia 2 ya jeni zinazotumika. Walichukua maagizo ya kwenye retikulamu ya seli ya T, wakaondoa yote yanayofanana na ya seli ya B, na katika masalia machache wakatafuta jeni iliyokatwa na kuunganishwa upya kama za Tonegawa. Waliipata. Ilikuwa ya mnyororo wa beta, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 1984, pamoja na ya Tak Mak wa Toronto aliyeipata jeni hiyo kwa binadamu. Jeni ya mnyororo wa alfa ilifuata mwaka huohuo.

Hata hivyo alfa na beta peke yake hazitoshi. Minyororo hiyo ina mikia mifupi mno upande wa ndani, haiwezi kupeleka habari yoyote. Ilikwishajulikana kwamba huambatana na protini nyingine, CD3, ambayo kingamwili ya OKT3 ilikuwa ikiinasa tangu 1979. Mwaka 1984 Arthur Weiss na John Stobo walichunguza seli za saratani za T zilizopoteza CD3 kwenye uso wake, wakakuta kipokezi nacho kimetoweka usoni. Mwaka uliofuata, seli ya namna hiyo iliyokosa mnyororo wa beta iliporudishiwa jeni ya beta, vyote viwili vilirejea juu. Maana yake ilikuwa wazi: hakuna sehemu ya kipokezi inayoruhusiwa kutoka bila nyingine.

Nani anayezuia? Dokezo la kwanza lilitoka tena kwa seli za B. Mwaka 1983 Ingrid Haas na Matthias Wabl, Ujerumani, waliona kwamba mnyororo mzito wa kingamwili ambao haujapata mwenzake mwepesi hushikwa na protini nyingine ndani ya seli. Linda Hendershot na wenzake, Alabama, walionyesha baadaye kwamba mshikaji huyo, anayeitwa BiP, anaishi katika retikulamu na huuachia mnyororo mzito pale tu mwepesi unapofika na kuchukua nafasi yake.

Kwa upande wa T, kazi kubwa ilifanywa na maabara ya Richard Klausner, pia Bethesda, kati ya 1985 na 1990. Kikundi hicho, pamoja na Lawrence Samelson, kiliorodhesha sehemu zote za kipokezi na kuubaini mnyororo wa zeta. Kisha kikatumia mbinu ya Palade ya kutia alama kwa muda mfupi na kufuatilia. Kilichoonekana mwaka 1987 hakikutarajiwa. Seli hutengeneza alfa, beta na minyororo ya CD3 kwa wingi kupita mahitaji, lakini zeta huitengeneza kidogo sana. Na ni minyororo ile tu inayofanikiwa kupata zeta inayoishi. Mwaka 1988 seli zisizo na zeta kabisa zilithibitisha hilo: vipokezi vyake visivyokamilika vilipita Golgi lakini vikaelekezwa kwenye lisosomu, vifuko vya kuteketeza, na ni vichache mno vilivyofika usoni.

Minyororo iliyobaki pweke ilikuwa na mwisho wa haraka zaidi, na hapo ndipo palipokuwa na ugunduzi mzito. Protini nyingi za utando huvishwa sukari katika retikulamu, na sukari hiyo hubadilishwa sura zikifika Golgi. Kipo kimeng'enya cha maabara kinachokata sukari ya kabla ya Golgi tu. Kwa kipimo hicho Jennifer Lippincott-Schwartz, Juan Bonifacino na wenzao walionyesha mwaka 1988 kwamba minyororo pweke ya kipokezi huharibiwa bila hata kufika Golgi, na dawa za kuzuia lisosomu haziizuii isiharibiwe. Ilikuwa na maana kwamba retikulamu, iliyodhaniwa kuwa mahali pa kuundia tu, ina njia yake ya kuvunja. Wengi waliduwaa, kwa kuwa hakuna aliyejua njia hiyo ni ipi. Miaka 9 baadaye, mwaka 1997, maabara za Ron Kopito na Hidde Ploegh zilionyesha kwamba mnyororo wa alfa hutolewa nje ya retikulamu na kusagwa na proteasomu, mashine ya kuvunja protini iliyomo katika sehemu ya majimaji ya seli. Leo njia hiyo inajulikana kuwapo katika mimea, hamira na wanyama, na mnyororo wa alfa umebaki kuwa kielelezo chake kimojawapo katika maabara.

Seli hutofautishaje mnyororo pweke na kipokezi kamili? Bonifacino, Pierre Cosson na Klausner walitoa jibu mwaka 1990, na kwa uzuri wake linastahili kusimuliwa polepole. Ndani ya kipande cha alfa kinachokaa katikati ya mafuta ya utando kuna asidi amino zenye chaji chanya, jambo la ajabu, kwani chaji na mafuta haviivani. Watafiti walipokipandikiza kipande hicho kwenye protini nyingine, nayo ikashikwa na kuvunjwa. Minyororo ya CD3, kinyume chake, ina chaji hasi mahali palepale. Chanya inapokutana na hasi, minyororo hushikana na chaji hufichika. Isipokutana, chaji iliyobaki wazi ndiyo inayoiponza. Alama moja inafanya kazi mbili, ya kuunganisha na ya kuhukumu. Mwaka 2002 Matthew Call na Kai Wucherpfennig, Boston, waliikamilisha hesabu: chaji chanya tatu katika alfa na beta, na kila moja hunaswa na chaji hasi mbili za jozi ya minyororo, ya CD3 delta na epsiloni, ya gama na epsiloni, na mwisho ya zeta mbili.

Ukaguzi huu ndio pia unaoisomesha limfosaiti changa. Katika thimasi, mnyororo wa beta hutengenezwa kabla ya alfa. Ili ujaribiwe, hufungishwa na alfa ya muda, iliyotambuliwa na Harald von Boehmer na wenzake katika miaka ya 1990. Mkusanyiko ukisimama, seli huruhusiwa kuendelea, usiposimama hufa. Seli za B hufanya vivyo hivyo kwa mnyororo mwepesi wa muda, uliogunduliwa Basel katika maabara ya Fritz Melchers. Seli changa za thimasi, hata zikishapata minyororo yote, hukawia kuifikisha juu: mwaka 1990 ilionekana kwamba huvunja sehemu kubwa ya vipokezi vyake katika retikulamu, hivyo hubaki na vichache wakati wa kuchujwa.

Kipokezi kikifika usoni hakitulii. Humezwa na kurudishwa tena na tena, na kikigusana na antijeni huvutwa ndani kikavunjwe. Mwaka 1995 Salvatore Valitutti na Antonio Lanzavecchia, Basel, walikadiria kwamba viambata takriban 100 tu vya antijeni vinaweza kuviteremsha vipokezi vipatavyo 18,000, kimoja baada ya kingine. Seli pia huvielekeza vifuko vya akiba upande ule inapogusana na mwenzake, kama Andrés Alcover na wenzake walivyoonyesha Paris mwaka 2004.

Wapo wanaojua kuitumia njia hii kwa uharibifu. Afrika Mashariki wengi wanaifahamu CD4 kwa kipimo cha kliniki ya virusi vya Ukimwi. Ni kipokezi cha limfosaiti T ambacho virusi hivyo hukitumia kama mlango wa kuingilia. Vikishaingia, huufunga mlango nyuma yao. Protini yao ya Nef huiondoa CD4 kwenye utando, na Vpu, kama ilivyogunduliwa mwaka 1992, huikamata CD4 mpya ikiwa bado ndani ya retikulamu na kuisukuma kwenye njia ileile ya kuvunjwa iliyogunduliwa kwa kipokezi cha T.

Maumbile nayo yametoa ushahidi wake. Mwaka 1992 madaktari wa Hispania walieleza ugonjwa wa kurithi uliotokana na hitilafu katika jeni ya CD3 gama: sehemu moja tu ilikosekana, na vipokezi vyote vikapungua usoni. Picha kamili ya kipokezi chenye minyororo yote minane ilipatikana mwaka 2019 na kikundi cha Huang Zhiwei, Harbin, Uchina, kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, na chaji zile zilikuwa zimepangana kama Call na Wucherpfennig walivyosema.

Tiba imenufaika kwa namna mbili. Zelig Eshhar wa Israeli alibuni, kuanzia 1989, vipokezi vya kutengenezwa vinavyounganisha kichwa cha kingamwili na mwili wa kipokezi cha T. Alipofika 1993 alikuwa na mnyororo mmoja unaojitosheleza, usiohitaji kusubiri alfa wala beta ili upite ukaguzi. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2017 kwa watoto na vijana wenye saratani ya damu. Namna ya pili ni ya kuondoa. Seli za T za mtu mwingine humshambulia mgonjwa kwa vipokezi vyake vya asili, lakini kuikata jeni moja ya alfa kunatosha kuvifuta vyote usoni, kwa sababu beta na CD3 hazina ruhusa ya kutoka peke yake. Kwa seli zilizoandaliwa hivyo, madaktari wa hospitali ya Great Ormond Street, London, walimtibu mwaka 2015 mtoto mchanga mwenye saratani ya damu ambaye tiba nyingine zilikuwa zimeshindikana, na saratani yake ikaondoka.